Maji Kuingia Ndani ya Mashine ya Boti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mashine ya boti, ile inayofungwa kwenye tezi (nyuma ya boti), hupozwa kwa maji ya bahari na hutoa moshi wake chini ya maji hayohayo, lakini ndani yake mna vyumba ambavyo maji hayo hayatakiwi kufika hata kidogo: chumba cha gia (giaboksi) kilichopo chini karibu na rafadha, yaani panga linalosukuma boti, silinda, njia ya petroli, na kwa mashine za fostroki (zenye mipigo minne), chumba cha oili ya injini. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo manahodha, wavuvi na wenye boti za kubeba wageni wa Unguja na Pemba huyauliza mara nyingi zaidi wanapoleta mashine kwa matengenezo, na majibu yake yamepangwa kufuata namna tatizo linavyojitokeza pwani. Niseme tangu mwanzo jambo ambalo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi: kubadili oili iliyoingia maji bila kutafuta mahali maji yalipopita si matengenezo.

Nitajuaje kwamba maji yameingia, na yameingia chumba gani?

Kila chumba kina dalili zake, na kosa la kwanza ni kuzichanganya. Maji yakiingia kwenye giaboksi ya chini, oili ya gia hubadilika rangi ikawa nyeupe au ya kijivu kama chai ya maziwa, lakini injini yenyewe huendelea kuwaka vizuri, na ndiyo maana nahodha anaweza kuvua mwezi mzima bila kujua. Maji yakiingia kwenye silinda, mashine huwa nzito kuwaka asubuhi, hutetemeka, na plagi moja hutoka na matone. Maji yakiwa kwenye petroli, mashine hukata kata na kuzimika, hasa boti inapopigwa na wimbi na mafuta yakatikisika ndani ya tangi. Kwa fostroki, kijiti cha kupimia oili hutoka na povu jeupe, au kiwango cha oili huonekana kimepanda bila mtu kuongeza kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua hata bolti moja, angalia oili ya gia, chomoa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda zake, kisha chota petroli kidogo kutoka chini ya tangi uitie kwenye chupa nyeupe. Kazi hiyo haizidi nusu saa, nayo huokoa siku nzima ya kufungua mahali pasipo na kosa.

Ni njia ipi sahihi ya kuikagua oili ya gia?

Iache mashine imesimama wima usiku mzima bila kuwashwa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajachanganyika hushuka na kutulia chini kabisa. Asubuhi weka chombo safi chini ya giaboksi, ulegeze parafujo ya chini polepole bila kuitoa, na uangalie kile kinachotangulia. Yakitangulia maji matupu kisha ikafuata oili, maji yameingia karibuni na kwa wingi. Ikitoka oili nyeupe tangu mwanzo, maji yaliingia kitambo na gia zimeshayakoroga.

Baada ya hapo toa parafujo ya chini kabisa, kisha ile ya juu ili hewa iingie na oili yote ishuke. Mashine nyingi zina sumaku kwenye parafujo ya chini, na ukungu wa kijivu ulio laini kama grisi juu ya sumaku hiyo ni uchakavu wa kawaida wa gia, lakini vipande ambavyo unaweza kuvishika kwa kidole ni meno ya gia au beringi, na hapo usijaze oili tena kabla ya giaboksi kufunguliwa. Wenye mashine za zamani za Johnson na Evinrude wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi yake zina parafujo nyingine jirani na ile ya kumwagia oili ambayo kazi yake ni kushikilia vyuma vya kuingizia gia, na ukiitoa hiyo kwa makosa, vyuma vya ndani huanguka na giaboksi haina budi kufunguliwa yote.

Kujaza hufanywa kutokea chini kwenda juu. Sukuma oili kwa pampu au kwa chupa yake kupitia tundu la chini hadi itoke tundu la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, halafu uondoe pampu na ufunge la chini kwa haraka. Anayejaza kutokea juu huacha hewa katikati, akadhani giaboksi imejaa kumbe ina nusu. Gasketi (vipande vya kuzibia) za parafujo zote mbili zibadilishwe kila mara. Ni vitu vidogo vya bei ndogo, na nimeona giaboksi zikifunguliwa na kuwekwa sili (pete za mpira za kuzuia maji na oili kupita) mpya zote wakati mkosaji alikuwa gasketi hiyo iliyobanwa mara ya tano.

Oili imekuwa nyeupe na bado niko mbali na nyumbani. Je, nisimame?

Rudi, lakini rudi polepole. Oili iliyochanganyika na maji bado hulainisha kwa kiasi fulani, na giaboksi iliyo nzima kwa kawaida itakufikisha. Hatari kubwa zaidi huanza baada ya kufika. Ukiipandisha boti na kuiacha mashine hivyo siku nne ukingoja bamvua (maji makubwa), maji ya chumvi hutulia juu ya beringi na kuzitoboa vijishimo vya kutu ambavyo haviondoki tena, kisha beringi hizo hula gia. Kwa hiyo mwaga oili siku hiyohiyo uliyoigundua, hata kama fundi hatapatikana mpaka wiki ijayo, ujaze oili safi ya gia na uizungushe rafadha kwa mkono ili kila chuma kipate oili. Hilo huhifadhi vyuma tu. Usilichukulie kuwa ruhusa ya kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali.

Maji hupitia wapi kuingia kwenye giaboksi?

Njia ni chache na zinajulikana. Kuna sili za shafti ya rafadha kwa nyuma, ambazo kwa kawaida huwa mbili. Kuna sili za shafti inayoshuka kutoka kwenye injini, zilizokaa chini ya pampu ya maji. Kuna sili au oringi (pete ya mpira ya mviringo) ya chuma cha kuingizia gia. Kuna oringi kubwa ya kifuniko kinachobeba beringi ya nyuma. Na kuna zile gasketi za parafujo mbili. Nyufa kwenye bodi yenyewe hutokea pia, hasa kwa mashine iliyogonga mwamba.

Katika pwani zetu, sili za shafti ya rafadha ndizo zinazokufa kwanza, na sababu yake ni nyuzi. Mshipi wa nailoni uliokatika na kuelea hujizungusha nyuma ya rafadha, joto la mzunguko huuyeyusha kidogo, ukajibana kuelekea ndani na kuikata midomo ya sili kama wembe. Upande wa mashariki wa Unguja, tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwaka 1989, kuna jambo la ziada: vitanzi vya taitai (vikamba vya kufungia mwani) na vipande vya kamba za mwani huondolewa na mawimbi ya kusi na kuelea kwenye njia za boti za Paje, Bwejuu na Jambiani. Nahodha wa huko aitoe rafadha yake kila baada ya wiki chache, atazame shafti kwa makini, na kutoa hata uzi mmoja mwembamba anaouona. Sijui kazi yoyote ya matunzo iliyo rahisi kuliko hiyo na yenye faida kubwa kama hiyo.

Sababu ya pili ni kupwa kwa maji. Bahari yetu hupwa na kujaa kwa tofauti inayoweza kufikia mita nne wakati wa bamvua, na boti nyingi hulala juu ya mchanga au matumbawe. Mashine isiyopandishwa hubeba uzito wa tezi yote ya boti juu ya kisigino chake, na kila wimbi dogo la maji yanayoanza kujaa huipigapiga chini. Rafadha iliyopinda au shafti iliyopinda hata kidogo usichokiona kwa jicho huyumba inapozunguka, na sili haiwezi kufuata shafti inayoyumba mara elfu kadhaa kwa dakika.

Watu huniuliza kwa nini maji yaingie ilhali oili haivuji nje. Giaboksi inapofanya kazi, oili hupata joto na kutanuka, na shinikizo la ndani hupanda. Unapozima mashine, maji ya bahari huipoza haraka, oili hunywea, na shinikizo hushuka chini ya lile la nje. Sili iliyochoka huweza kuzuia oili isitoke wakati wa joto, lakini ikanyonya maji wakati wa kupoa. Ndiyo maana boti za kubeba watalii, ambazo huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku kwenye miamba ya Mnemba au Misali, huonesha oili nyeupe mapema kuliko boti inayokwenda mwendo mmoja mrefu.

Nawezaje kulipata tundu lenyewe?

Kwa hewa. Mwaga oili yote, funga parafujo ya chini, na katika tundu la juu uweke kiungio chenye bomba, geji na pampu ya mkono. Pampu ya baiskeli yatosha, mradi geji iwe inasomeka vizuri kwenye namba ndogo. Anza na psi (kipimo cha shinikizo) 3 hadi 5 na usubiri dakika kadhaa, kisha upande hadi takriban psi 10. Usivuke psi 15, kwa sababu shinikizo kubwa huweza kuzigeuza midomo sili ambazo zilikuwa nzima. Kipimo cha chini kisirukwe, kwa kuwa zipo sili ambazo hewa nyingi huzikandamiza kwenye shafti zikashika, lakini kwa hewa kidogo huachia.

Sindano ya geji ikishuka, izamishe giaboksi kwenye pipa la maji na ufuate mapovu, au ipake maji ya sabuni kama huna pipa. Wakati huo zungusha shafti taratibu kwa mkono, ivute kidogo upande huu na ule, na uingize gia mbele na nyuma, kwa sababu sili nyingi huvuja katika sehemu moja tu ya mzunguko. Mapovu yakitokea kwenye shafti ya rafadha, jibu umelipata. Yakitokea juu, kwenye pampu ya maji, toa pampu na uangalie tena kabla ya kuhukumu, kwani mapovu hutambaa chini ya bamba na kutokea mbali na yanakotoka.

Namshauri kila mwenye boti asimame pale fundi anapofanya kipimo hiki, na fundi asiyekifanya kabla na baada ya kuweka sili aombwe akifanye.

Nimeweka sili mpya, na maji bado yanaingia. Kwa nini?

Mara nyingi kosa liko kwenye shafti. Sili ya zamani ikikaa muda mrefu na chembe za mchanga zikinaswa chini ya mdomo wake, huchimba mfereji kwenye chuma. Pitisha ukucha mahali sili inapokaa. Ukucha ukikwama, sili mpya haitashika hapo hata ikiwa ya asili. Fundi mzuri anaweza kuisogeza sili milimita moja au mbili ili mdomo wake ukae mahali palipo laini, kama nafasi ipo, au akaweka ala nyembamba ya chuma juu ya shafti. Visipowezekana, shafti ibadilishwe. Kuisugua kwa msasa wa kawaida ni kuongeza mikwaruzo.

Kosa la pili ni mwelekeo. Sili mbili za nyuma haziangalii upande mmoja katika kila mashine: katika baadhi, moja huzuia oili na nyingine huzuia maji, katika nyingine zote mbili huangalia nje. Piga picha kabla ya kuzitoa. Nafasi iliyo kati ya midomo ijazwe grisi ya baharini, na shafti ipakwe oili kabla ya kupita, kwani sili ikianza kuzunguka kavu huungua katika dakika za kwanza. Kuwe na bomba au soketi yenye upana sawa na sili ya kuisukumia ndani kwa usawa. Nyundo na bisibisi huipinda ukingo wake, na tangu hapo haikai tena.

Kosa la tatu ni kubadili sili za nyuma peke yake kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Giaboksi ikishafunguliwa, gharama kubwa imeshalipwa kwenye kazi; badilisha sili na oringi zote kwa pamoja.

Je, naweza kupaka silikoni kuzunguka sili?

Hapana. Haishiki mahali penye oili, vipande vyake hubanduka vikaingia kwenye gia, na fundi anayekuja baadaye hupata shida ya kuisafisha.

Plagi moja inatoka na maji. Tatizo ni nini?

Kwanza linganisha na plagi nyingine. Zikiwa zote zina maji, fungua parafujo ya kumwagia kabureta na uangalie kama maji yapo huko. Yakiwapo, yamekuja na petroli. Plagi moja pekee ikiwa na maji, au ikiwa imeoshwa safi ilhali wenzake ni nyeusi au za kahawia, maji yanatoka kwenye njia za kupozea na kuvuka kuingia silinda hiyo. Tone likikauka juu ya bati na kuacha unga mweupe wa chumvi, hilo huthibitisha kuwa ni maji ya bahari.

Njia ya kawaida ni gasketi ya hedi (kichwa kinachofunika silinda) iliyoungua. Nayo haiungui bila sababu: hutanguliwa na mashine kupata joto kali, na joto hilo hutanguliwa na impela ya pampu (feni ya mpira inayosukuma maji) iliyochakaa, au mfuko wa plastiki ulioziba matundu ya kunyonyea maji, au chumvi iliyoganda ndani ya njia. Kwa hiyo ukibadili gasketi bila kubadili impela, umetengeneza nusu. Hedi yenyewe ipimwe unyoofu juu ya kioo kinene kilicho tambarare. Ikiwa imepinda kidogo, fundi huibandika karatasi ya msasa laini juu ya kioo na kuisugua kwa mizunguko hadi uso wote ung'ae sawasawa. Bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kuanzia za katikati kwenda za pembeni, kwa hatua mbili au tatu, kwa namba zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine hiyo.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kutu iliyotoboa ukuta kati ya njia ya maji na njia ya ekzosi. Katika mashine za tustroki (zenye mipigo miwili), bamba la ekzosi lililo ubavuni mwa injini lina maji upande mmoja na moshi upande wa pili, na likitoboka, maji hupata njia ya kurudi kwenye silinda mashine inapozimwa. Kama gasketi ya hedi ni nzima na mbano wa silinda ni mzuri lakini maji bado yanaonekana, bamba hilo ndilo la kufunguliwa. Bolti zake hukatika kwa urahisi kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo mafuta ya kulegeza kutu yawekwe tangu siku moja kabla, na joto la tochi ya gesi litumike taratibu, mbali na petroli na baada ya kabureta na mabomba ya mafuta kuondolewa.

Onyo moja kwa hali zote hizi: kamba ya kuwashia ikikataa kuvutika ghafla katikati ya mzunguko, usiilazimishe, wala usibonyeze stata. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana na silinda iliyojaa maji, kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoiunganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini). Chomoa plagi kwanza, uvute kamba polepole hadi maji yote yatoke, ndipo ufikirie kuwasha.

Maji huingiaje kwenye petroli, na nitayaondoaje?

Petroli yetu husafiri ndani ya madumu, kutoka kituoni hadi pwani, na mara nyingi hubebwa kichwani kupita kwenye maji ya magoti. Kifuniko kilichopoteza mpira wake, tundu la hewa la tangi lililoachwa wazi wakati wa masika, au bomba la kunyonyea lililotumika kufua maji ya ngama (yaliyojikusanya chini ndani ya boti) kisha likarudishwa kwenye dumu, vyote hivyo nimevikuta. Petroli hukaa juu na maji chini, na mstari kati yake huonekana wazi kwenye chupa baada ya dakika chache za kutulia.

Tangi lenye maji limwagwe lote katika chombo salama. Usiridhike na kupunguza ya chini. Kisha mabomba, kichujio na bakuli la kabureta visafishwe. Kama maji yalikuwa ya chumvi, kabureta ifunguliwe hata kama mashine imewaka vizuri baadaye, kwa kuwa chumvi hubaki kwenye matundu membamba na kuanza kula aluminiamu. Kichujio cha kutenganisha maji, kikifungwa kati ya tangi na mashine, ni kinga bora, na kwa boti inayobeba abiria kama zile za Mkokotoni na Tumbatu nakiona kuwa ni lazima.

Oili ya injini ya fostroki imepanda kiwango. Je, ni maji?

Inaweza kuwa maji au petroli, na tofauti yake ni rahisi kuijua. Oili yenye maji huwa nyeupe na yenye povu. Oili yenye petroli hubaki na rangi yake lakini huwa nyepesi na hunuka petroli, nayo hutokea mashine inapotembezwa muda mrefu kwa mwendo mdogo ikiwa baridi, au thamostati ikiwa imekwama wazi. Ukungu mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee unaweza kuwa unyevu wa hewa tu. Lakini kijiti kikitoka cheupe, usiiwashe mashine tena, kwa kuwa krenki na beringi zake hutegemea oili hiyo pekee. Tafuta gasketi iliyokufa, na baada ya matengenezo ubadili oili na kichujio chake mara mbili kwa mfululizo mfupi.

Tunabeba mashine begani kila jioni. Je, inaweza kuingia maji kwa njia hiyo?

Ndiyo, na ni sababu ambayo wengi hawaidhanii. Mashine iliyotoka baharini bado ina maji ndani ya mguu wake na kwenye njia ya ekzosi. Ukiiweka begani huku rafadha ikiwa juu na injini imening'inia nyuma ya mgongo, maji hayo hutiririka kuelekea kwenye silinda. Kesho yake asubuhi kamba haivutiki, na mwenye mashine huamini kwamba gasketi imekufa.

Isimamishe wima dakika chache pale pale kwenye boti hadi maji yaishe kudondoka, kisha ibebwe injini ikiwa juu daima kuliko rafadha. Nyumbani iegemezwe kwenye kigari au ubao ikiwa imesimama. Ikibidi ilazwe, ilazwe kwa upande ulioelekezwa na mtengenezaji, jambo ambalo ni la lazima zaidi kwa fostroki, kwa sababu upande usio wake humimina oili ndani ya silinda.

Mawimbi ya nyuma yanaweza kuleta maji ndani?

Yanaweza. Boti ikiwa inakwenda na wimbi wakati wa kusi, kisha nahodha akapunguza mafuta ghafla, wimbi la tezi huifikia boti na kuyasukuma maji kupanda njia ya ekzosi, na injini inayozimika wakati huo huyanyonya. Punguza mwendo kwa hatua. Pia angalia urefu wa mguu wa mashine: mguu mfupi ni wa tezi yenye kimo cha takriban inchi 15, na mrefu ni wa inchi 20. Bamba lililo juu ya rafadha liwe takriban sawa na chini ya boti. Mashine iliyofungwa chini mno kwenye boti iliyojazwa samaki au abiria upande wa tezi hukaa karibu mno na maji.

Mashine imezama baharini. Nifanye nini?

Muda ndio kila kitu hapa, na kutu huanza pale chuma kilicholowa chumvi kinapokutana na hewa. Mara tu ikitolewa, iondoe kifuniko na uioshe yote kwa maji matamu mengi. Chomoa plagi, igeuze ili matundu ya plagi yaangalie chini, na uzungushe flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa mkono polepole. Ikiwa ilizama huku inazunguka, sikiliza na uhisi kwa makini. Ikikwama au ikisaga, acha hapo, kwa kuwa konrodi huenda imepinda. Ikizunguka vizuri, mwaga kabureta na mabomba yote, mimina oili ya tustroki kwenye kila silinda na kwenye koo la kabureta, na uzungushe tena. Viungio vya umeme vioshwe na kukaushwa. Kwa fostroki, oili ibadilishwe kabla ya kuwasha na mara nyingine baada ya nusu saa ya kazi. Kisha, kwa petroli safi, iwashwe siku hiyohiyo na iachwe iungurume kwenye pipa la maji angalau nusu saa ili joto liondoe unyevu.

Ikiwa fundi hawezi kupatikana leo, fanya jambo ambalo wengi hulionea shaka: izamishe mashine nzima kwenye pipa la maji matamu na uiache humo hadi afike. Chini ya maji matamu hewa ni kidogo na chumvi imepungua, kwa hiyo itakaa vizuri zaidi kuliko ikiachwa juani kwenye mchanga ikikauka na chumvi yake.

Kuosha kwa maji matamu kila siku kunasaidia kweli?

Kunasaidia, kwa sababu chumvi inayoganda ndani ya njia za kupozea ndiyo inayotoboa kuta nilizozieleza hapo juu. Dakika 10 kwenye pipa baada ya kila safari zatosha, mashine ikiwa imezamishwa majini hadi juu ya pampu na iko bila gia. Maji yenyewe yaonjwe kwanza. Visima vingi vya vijiji vya pwani vina maji yenye chumvi, na kuosha kwa maji hayo kunapunguza madhara bila kuyaondoa. Maji ya mvua yaliyokingwa ni mazuri sana kwa kazi hii. Badilisha maji ya pipa kila baada ya mara chache, la sivyo utakuwa unaiosha mashine kwa chumvi ya jana.

Zinki ina uhusiano gani na maji kuingia?

Zinki ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye mashine ili kiliwe na bahari badala ya aluminiamu yake. Ikiisha, bahari huanza kula bodi, hasa kingo ambazo oringi na gasketi hukalia. Ibadilishwe ikifika nusu, na isipakwe rangi kamwe.

Baada ya matengenezo, nitahakikishaje kwamba maji hayaingii tena?

Usingoje zamu ya kawaida ya kubadili oili, ambayo ni kila saa 100 za kazi au miezi 6; kwa boti inayofanya kazi saa 3 kwa siku, saa hizo 100 hutimia baada ya siku 34 hivi. Baada ya safari ya kwanza iache mashine imesimama usiku kucha, na asubuhi legeza parafujo ya chini kiasi cha kutoa matone machache kwenye kipande cha kioo. Oili ikiwa safi, ongeza kiasi kilichotoka, weka gasketi mpya na ufunge. Rudia baada ya safari ya tano. Ikionekana weupe kidogo baada ya safari ya kwanza na usiongezeke baada ya ya tano, huenda ni mabaki ya maji yaliyokuwa yamejificha kwenye pembe za giaboksi, na badiliko moja zaidi la oili litayamaliza. Ukiongezeka, irudishe kwa fundi, na mwombe aanze kwa pampu na geji kabla ya kuchukua spana.